Kuishi Ufilipino Ukiwa Mke au Mume wa Mfilipino: Mwongozo Kamili wa Viza za Muda Mrefu

Kufunga ndoa na Mfilipino hakukupi haki ya kukaa Ufilipino. Mnaweza kuwa na miaka kumi ya ndoa na watoto watatu, lakini ukishuka Manila peke yako na pasipoti ya Kenya au Tanzania, afisa wa dirishani atakugongea siku 30 kama mtalii mwingine yeyote. Ukishuka na mkeo bega kwa bega, kwenye dirisha lilelile na kwa pasipoti ileile, unaweza kupewa mwaka mzima bila kulipa senti. Wengi huja kulijua hili wakati tiketi mbili za siku tofauti zimeshalipiwa.

Kwa wanandoa wengi mpango unaofaa ni huu: ingieni pamoja kwa Balikbayan, tumieni mwaka huo kukusanya na kunyoosha karatasi, kisha ombeni viza ya ndoa ya kifungu cha 13(a) mkiwa hukohuko. Njia nyingine zipo, na kwa baadhi ya watu zinafaa zaidi, kwa hiyo tuzipitie kabla ya kuingia kwenye hatua.

Njia zilizopo

*Balikbayan.* Neno hili ni la Kitagalog, maana yake anayerudi nyumbani. Ni nafuu iliyowekwa na sheria namba 6768 ya 1989, ikarekebishwa na sheria namba 9174 ya 2002. Mfilipino anayerudi kutoka ng'ambo, au aliyewahi kuwa Mfilipino, anaweza kuingia na mwenza wake mgeni na watoto, nao wakapewa mwaka mmoja bila viza. Masharti ni mawili: muwe mmesafiri pamoja, na pasipoti yako iwe ya nchi ambayo raia wake huingia Ufilipino bila viza. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo kwenye orodha hiyo. Maandishi ya sheria yanamtaja Mfilipino aliyekaa nje angalau mwaka mmoja mfululizo au anayefanya kazi ng'ambo, kwa hiyo mkeo anayetoka Muscat au Dubai kwa likizo yake ya kazi anaingia moja kwa moja. Aliyetoka kwa wiki mbili tu anategemea afisa atakayemkuta. Mara nyingi hupewa, lakini usijenge maisha yako juu ya neno "mara nyingi".

*13(a).* Hii ndiyo viza ya ndoa hasa, inayotokana na Sheria ya Uhamiaji ya 1940. Mwaka wa kwanza ni wa matazamio, kisha inakuwa ya kudumu. Mwenye viza hii anaruhusiwa kufanya kazi bila kibali cha ajira wanachotakiwa kuwa nacho wageni wengine, ingawa mwajiri makini atakutaka ulete cheti cha Wizara ya Kazi kinachothibitisha kwamba umesamehewa.

*TRV.* 13(a) ni ya nipe nikupe: hupewa raia wa nchi ambazo nazo zinawapa Wafilipino ukaazi wa kudumu. Raia wa nchi isiyokuwa kwenye utaratibu huo, hata ndoa yake iwe safi kiasi gani, huelekezwa kwenye viza ya mkaazi wa muda, TRV, ambayo huhuishwa kila muda wake unapoisha. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza afisa, kabla ya kutoa kopi hata moja, ni hili: "Pasipoti yangu inaomba 13(a) au TRV?" Uliza idara yao ya uhamiaji, Bureau of Immigration, au ubalozi wao, na jibu lipate kwa maandishi. Karatasi nyingi zinafanana, lakini fomu na ada ni tofauti, na faili lililofunguliwa kwa jina lisilo lake hurudishwa lote.

*Utalii wa kuongezaongeza.* Unaingia na siku 30, unaongezewa 29 zifike 59, halafu unaongeza mwezi mmoja, miwili au sita kila mara. Raia wa nchi zisizohitaji viza anaweza kuendelea hivyo hadi miezi 36, kisha lazima atoke. Ukipita siku 59 unalazimika kuchukua kadi ya mgeni, ACR I-Card. Njia hii haikuruhusu kufanya kazi, na ukijumlisha ada za miaka miwili, mara nyingi utakuta 13(a) ingekuwa nafuu zaidi. Inafaa kama daraja tu, pale karatasi ya ndoa inapochelewa.

*SRRV.* Viza ya wastaafu inayotolewa na Philippine Retirement Authority. Haihitaji ndoa kabisa. Inahitaji amana ya dola benki, na tangu Septemba 2025 umri wa chini ni miaka 40, huku amana ikipanda au kushuka kulingana na umri wako na kama una pensheni. Faida yake kubwa kwa mwenye mwenza Mfilipino ni kwamba haimtegemei mwenza. Mkiachana au akitangulia mbele ya haki, viza yako inabaki palepale. Mwenye akiba na umri unaoruhusu aifikirie kwa uzito.

Kuna hali moja husahaulika. Mwenza wako alizaliwa Mfilipino lakini ameshachukua uraia wa Marekani, Kanada au Uingereza. Huyo kwa macho ya sheria si raia, na hawezi kukudhamini kwa 13(a) mpaka arudishe uraia wake kwa sheria namba 9225 ya 2003. Ni kiapo na karatasi chache ubalozini, wala hapotezi ule uraia mwingine kwa upande wa Ufilipino. Afanye hilo kwanza, kwa sababu kila karatasi inayofuata inalisubiri.

Karatasi ya ndoa ndiyo kila kitu

Maombi mengi yanayokwama hukwama hapa. Serikali ya Ufilipino haitambui cheti chako cha ndoa kwa uzuri wake. Inatambua kile kilichoingia kwenye daftari la mamlaka yao ya takwimu, Philippine Statistics Authority, PSA, na kutolewa kwenye karatasi yao maalumu ya usalama. Cheti cha Sheria House, cha RITA au cha kadhi ni mwanzo tu.

Mkiwa mmefunga ndoa nje ya Ufilipino, mwenza wako anapaswa kuiripoti kwenye ubalozi wao unaohudumia nchi mlikofungia. Ubalozi wa Nairobi unahudumia Kenya na majirani wakiwemo Tanzania na Uganda. Waliofunga Oman huenda Muscat, waliofunga Falme za Kiarabu huenda Abu Dhabi au Dubai. Kwenye kaunta utasikia ikiitwa Report of Marriage. Mnapeleka fomu zilizojazwa, cheti halisi cha ndoa na kopi zake, pasipoti za wote wawili, cheti cha kuzaliwa cha mwenza kilichotoka PSA, na ada. Cheti kikiwa cha Kiarabu au Kiswahili, kifanyiwe tafsiri rasmi. Ubalozi ukishaisajili, karatasi husafiri hadi Manila kabla ya kuingia PSA, na safari hiyo huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya nusu mwaka. Ripotini ndoa mwezi uleule mliofunga, hata kama kuhamia ni mpango wa miaka mitatu ijayo. Nakala iliyogongwa mhuri na ubalozi iwekeni vizuri, kwani ndiyo mtakayoionyesha uwanja wa ndege wakati PSA bado haijajibu.

Mkifungia Ufilipino, wewe mgeni utatakiwa cheti kutoka ubalozi wa nchi yako kinachosema hakuna kizuizi cha wewe kuoa au kuolewa. Baada ya kuomba leseni ya ndoa, tangazo hubandikwa siku 10 kwenye ofisi ya msajili, na leseni ikitoka hudumu siku 120. Harusi ikipita, msajili wa mji hupeleka taarifa PSA. Subirini miezi miwili mitatu, kisha mkaombe kopi. Ada ya kopi moja kaunta ni peso 155. Kama hakuna kitu, rudini kwa msajili mwombe awapelekee PSA moja kwa moja. Ofisi nyingi hufanya hivyo ukiomba, na hakuna atakayekuambia usipouliza.

Sasa mambo mawili yanayowagusa hasa watu wa kwetu.

La kwanza ni majina. Ufilipino jina la kati ni ukoo wa mama. Tuseme pasipoti yako inasema Salim Juma Bakari, yaani Salim mwana wa Juma wa Bakari, na mama yako anaitwa Asha Omari. Karani atakuuliza jina la mama, utamjibu kwa nia njema, naye ataandika Salim Omari Bakari. Cheti kitatoka hivyo. Miezi minane baadaye, afisa wa uhamiaji ataweka cheti na pasipoti sambamba na kukuuliza huyu Omari ni nani. Mwambie karani mapema kwamba jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na fomu uisome kabla ya kusaini. Tarehe nazo zina mtego wake: wenzetu wengi kule hutanguliza mwezi, hivyo 04/07 yako ya Julai inakuwa ya Aprili. Andika mwezi kwa herufi kila unapopewa nafasi. Kosa likishaingia, makosa madogo ya uandishi hurekebishwa kwa msajili bila kwenda mahakamani chini ya sheria namba 9048 ya 2001, na siku au mwezi wa kuzaliwa chini ya sheria namba 10172 ya 2012. Ila ni miezi mingine ya kusubiri.

La pili ni ndoa za nyuma. Sheria ya familia ya Ufilipino haiitambui ndoa ya pili wakati ya kwanza ipo hai, hata kama ilifungwa kihalali Zanzibar au Mombasa. Sheria ya Waislamu wa huko, Amri namba 1083 ya 1977, ina mlango wake kwa ndoa zilizofungwa Kiislamu, lakini ndoa hiyo nayo isajiliwe rasmi, na mwenye mke mwingine nyumbani asiende dirishani kabla ya kuonana na wakili anayeijua sheria hiyo. Kwa aliyeachana, talaka yako iwe na hukumu au cheti kilichothibitishwa. Na kama aliyeachika ni mwenza wako Mfilipino, mambo ni mazito zaidi. Kwa Wafilipino wasio Waislamu talaka ya ndani haipo. Talaka iliyotoka nje lazima itambuliwe na mahakama ya Ufilipino kabla ya ndoa mpya kusimama, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2018 hata talaka aliyoiomba Mfilipino mwenyewe huko nje inaweza kutambuliwa. Chukueni mapema PSA taarifa ya ndoa zote zilizoandikwa kwa jina lake. Ikitoka na jina la mume mwingine, bora mlione ninyi kwanza kuliko afisa.

Kuingia kwa Balikbayan, hatua kwa hatua

Jaza eTravel mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Ni bure, na tovuti inayokudai pesa si yenyewe. Kila mtu anajaza yake.

Kwenye begi la mkononi, si la kupakia, weka pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita, cheti cha ndoa cha PSA au taarifa ya ndoa yenye mhuri wa ubalozi, tiketi ya kutoka, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huulizwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa, na Kenya na Uganda zimo.

Tiketi ya kutoka inasumbua zaidi kwenye kaunta ya ndege kuliko Manila. Wafanyakazi wa shirika la ndege JKIA au Dar wanasoma kwenye kompyuta yao kwamba Mkenya au Mtanzania anapewa siku 30, hivyo watakataa tiketi ya kurudi baada ya miezi kumi. Waonyeshe cheti cha ndoa na pasipoti ya Kifilipino ya mwenzako, na muombe msimamizi ikibidi. Aliye mwangalifu zaidi hununua tiketi ya bei ndogo ya kutoka Manila kwenda nchi jirani ndani ya siku 30, inayoweza kubadilishwa tarehe. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko kuachwa na ndege.

Manila, nendeni foleni moja na dirisha moja. Usiende foleni ya wageni peke yako huku mwenzako akipita ya raia. Kabla afisa hajashika mhuri, mwenza wako atamke neno "Balikbayan" na aweke cheti cha ndoa juu ya pasipoti zote mbili. Hawapewi watu wasioomba. Mhuri ukishagongwa, usiondoke hapo: fungua ukurasa, soma tarehe ya mwisho. Ikiwa ni siku 30, sema palepale kwa upole. Ukishavuka kwenda kuchukua mizigo, kurekebisha ni safari ya ofisini, na mara nyingi jibu huwa hapana.

Kuomba 13(a) ukiwa ndani

Makao makuu ya Bureau of Immigration, BI, yako Magallanes Drive, Intramuros, Manila. Baadhi ya ofisi kubwa za mikoani, kama Cebu na Davao, nazo hupokea maombi. Waishio mbali waulize kwanza ofisi yao ya karibu inapokea nini.

Usiende ukiwa na wiki mbili zilizobaki kwenye mhuri. Peleka faili ukiwa na angalau miezi mitatu ya kukaa kihalali, kwa sababu maombi huchukua kwa kawaida miezi miwili, mitatu au zaidi, na kuomba viza hakusimamishi saa ya mhuri wako. Muda ukikaribia kuisha, ongeza kama mtalii huku ukisubiri. Tena wahi kabla hujatimiza miezi sita nchini tangu ulipoingia mara ya mwisho: ukivuka hapo utadaiwa pia hati ya polisi ya NBI, idara ya upelelezi ya huko, na kama jina lako linafanana na la mtu kwenye kanzidata yao, na akina Mohamed Ali ni wengi duniani, utaambiwa urudi baada ya siku kadhaa.

Faili lenyewe lina haya:

- Barua ya pamoja ya mume na mke kwa Kamishna wa Uhamiaji, ikieleza mmefunga ndoa lini na wapi, mnaishi wapi, na mnaomba nini. Ukurasa mmoja unatosha. Isainiwe mbele ya mthibitishaji wa viapo.
- Fomu ya maombi ya BI iliyojazwa na kuthibitishwa, pamoja na picha za inchi 2 kwa 2 zenye mandhari meupe.
- Cheti cha ndoa cha PSA, au taarifa ya ndoa kwa waliofungia nje.
- Cheti cha kuzaliwa cha PSA cha mwenza, au hati nyingine inayothibitisha kwamba ni raia. Aliyerudisha uraia aweke na hati zake za kiapo.
- Kopi ya ukurasa wa picha wa pasipoti yako na ule wenye mhuri wa mwisho wa kuingia na muda uliobaki.
- Cheti cha afya kutoka Bureau of Quarantine. Kuna picha ya kifua, kwa hiyo aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona aende na kumbukumbu za matibabu yake.
- Cheti cha BI chenyewe kwamba huna kesi wala zuio kwao.
- NBI, kama umeshavuka miezi sita.

Ongezeni kisichodaiwa lakini kinachosaidia: barua ya ofisi ya barangay kwamba mnaishi hapo pamoja. Barangay ni kama serikali ya mtaa Tanzania au ofisi ya chifu Kenya, na barua inatoka siku hiyohiyo. Ongezeni pia ushahidi wa kipato, taarifa ya benki au mkataba wa kazi wa mmoja wenu.

Hati zozote zilizotoka nje ya Ufilipino, kama cheti cha tabia njema cha polisi au hukumu ya talaka, zinahitaji uthibitisho. Ufilipino iliingia kwenye mkataba wa apostili tarehe 14 Mei 2019, hivyo hati ya Oman au Burundi, ambazo nazo zimo, inagongwa apostili huko ilikotoka na inatosha. Kwa hati za Kenya na Tanzania njia iliyozoeleka ni wizara ya mambo ya nje kwanza, kisha ubalozi wa Ufilipino. Yafanye kabla hujapanda ndege. Kutuma bahasha Nairobi kutoka Cebu kwa ajili ya mhuri mmoja kunachosha na ni ghali.

Jambo dogo linalorudisha watu nyumbani: karatasi. Ofisi za huko zinatumia karatasi ndefu, inchi 8.5 kwa 13, na folda ya urefu huohuo. Kopi zako za A4 zitaonekana kama zimekatwa. Toa kopi upya kwenye duka lolote jirani, uombe "long". Panga hati kwa mpangilio wa orodha ya BI, na asilia ziwe kwenye bahasha tofauti ya kuonyesha tu.

Siku ya kupeleka, nendeni wote wawili, asubuhi, mkiwa mmevaa kwa heshima. Kaptura na ndala hukataliwa mlangoni. Faili hukaguliwa, unapewa karatasi ya malipo, unalipa, unatunza kila risiti. Bila risiti halisi hatua za mbele hukwama. Kwa mwaka wa matazamio tenga kati ya peso 8,600 na 10,000 za ada, na dola 50 za kadi ya ACR I-Card. Kisha unapangiwa siku ya mahojiano.

Mahojiano ni mafupi ikiwa ndoa ni ya kweli. Mlikutana wapi, harusi ilikuwa wapi, nani analipa kodi ya nyumba, wakwe wanaitwaje. Kinachowaangusha watu ni kujibiana: mmoja anaulizwa, mwingine anajibu. Mke akiulizwa kuhusu mume, mume anyamaze. Baada ya hapo unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kadi, na faili linakwenda kwenye bodi ya makamishna. Likipitishwa, unapeleka pasipoti igongwe viza, kisha unasubiri kadi.

Inawezekana pia kuombea 13(a) ubalozini kabla ya kusafiri. Huko utadaiwa fomu ya viza ya mhamiaji, uchunguzi wa afya kwenye fomu yao pamoja na picha ya kifua, hati ya polisi na ushahidi wa kipato. Ukifika lazima ujisajili BI kupata kadi. Njia hii inamfaa anayehama moja kwa moja na ana muda wa kutosha. Kwa mwingine yeyote, Balikbayan kwanza ni rahisi zaidi, kwani mnasahihisha kasoro mkiwa karibu na PSA.

Mwaka wa matazamio na baada yake

Andika kwenye simu tarehe ya mwisho ya mwaka wa kwanza, na anza kukusanya karatasi miezi mitatu kabla. Maombi ya kugeuza kuwa ya kudumu yanafanana na ya kwanza: barua ya pamoja, cheti cha ndoa, pasipoti, kadi, na mwenza mwenyewe awepo ana kwa ana. Mwenza akiwa kazini Riyadh siku hiyo, mna tatizo. Panga likizo yake kulingana na tarehe hii, si kulingana na Krismasi. Ukiacha muda upite, utajikuta ukianza upya na kulipa adhabu juu yake.

Viza ikishakuwa ya kudumu, kadi yenyewe haidumu: huhuishwa kila miaka 5. Na kila mwaka, ndani ya siku 60 za mwanzo kuanzia Januari mosi, unaripoti BI na kulipa peso 310. Ukiwa nje ya nchi wakati huo, unaripoti ndani ya siku 30 baada ya kurudi. Ni fedha ndogo na foleni ya dakika chache, na bado ni jambo ambalo wakaazi wa muda mrefu huweza kulisahau, kwa sababu mwaka wa tatu mtu anajiona mwenyeji.

Ujue pia viza hii haigusi nini. Haikupi ardhi. Katiba ya 1987 inamzuia mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa urithi wa kisheria, hivyo kiwanja mnachonunua kitaandikwa jina la mwenza, hata kama pesa zote zimetoka kwako. Fleti kwenye jengo la kondominiamu unaweza kuimiliki mwenyewe, mradi sehemu ya wageni kwenye jengo lote haizidi asilimia 40. Na kwa kuwa 13(a) inasimama juu ya ndoa, ndoa ikibatilishwa au mwenza akifariki, msingi wa viza umeondoka. Usisubiri uulizwe, nenda BI ukabadilishe hadhi yako mapema.

Kutoka na kurudi

Mgeni wa kitalii aliyekaa miezi 6 au zaidi anahitaji hati ya kuondoka, ECC-A, kutoka ofisi ya BI, na aiombe angalau siku tatu kabla ya safari. Wa 13(a) mwenye kadi hai hulipia ECC-B pamoja na kibali cha kurudi uwanjani siku ya kuondoka. Fika saa moja mapema kuliko ulivyozoea, ukiwa na peso taslimu, maana kaunta ya malipo iko kando na foleni ya ukaguzi, na ukipita bila risiti unarudishwa nyuma. Kibali cha kurudi hudumu mwaka 1. Ukienda Mombasa au Tanga kumuuguza mzazi, hesabu kuanzia mhuri wa kutoka, na rudi angalau mara moja kabla mwaka haujatimia.